Simba Asiye na Pa Kukimbilia

Video yenyewe haifiki dakika mbili. Simba dume mwenye manyoya meusi shingoni amelala kivulini, kichwa juu, akilitazama gari linalomkaribia kama ng'ombe anavyomtazama mchungaji aliyemzoea. Gari linasimama. Mtu aliyevaa nguo za rangi ya nyasi kavu anashuka, anaiegemeza bunduki kwenye kigoda chake cha miguu mitatu, analenga bila haraka, anapiga. Simba anaruka, anajizungusha akiuma pale risasi ilipoingia, anaanguka, anajaribu kuinuka. Risasi ya pili. Watu wanapeana mikono. Kisha mlengaji anapiga magoti nyuma ya mzoga, na msaidizi anakiinua kichwa cha simba na kukiwekea jiwe chini ya kidevu ili picha itoke vizuri. Ukikodoa macho, nyuma ya miti unaona ua wa nyaya.

Nimeitazama mtaani Ziwani, Eastlands ya Nairobi, kwenye steji ya bodaboda karibu na barabara ya General Waruinge, tukiwa watu kadhaa tumeinamia simu yenye kioo kilichopasuka. Mabishano yalianza hata kabla ya video kwisha. Mmoja alisema mzungu hana makosa, amelipa pesa zake na simba ni mali yake. Mwingine akasema huo si uwindaji, ni kuchinja. Mzee mmoja aliyekuwa akisubiri kupelekwa Gikomba akauliza swali ambalo hakuna kati yetu aliyekuwa nalo kichwani.

"Mbona hakimbii?"

"Mzee, huyo amezoea watu," kijana mwenye simu akamjibu, akaiweka mfukoni na kuwasha pikipiki.

Jibu la kijana lilikuwa sahihi, ila limeficha mambo mengi. Simba huyo hakimbii kwa sababu maisha yake yote gari lilikuwa likimletea chakula. Na hata angetaka kukimbia, ua ungemrudisha.

Biashara hii makao yake makuu ni Afrika Kusini. Simba wanaofugwa huko kwenye mashamba ya watu binafsi wamekadiriwa kuwa 8,000 na zaidi, katika mashamba yanayozidi 300. Simba wa porini wa nchi hiyohiyo ni takriban 3,500. Ili msomaji wa Nairobi apate picha kamili: sensa ya wanyamapori iliyofanywa Kenya mwaka 2021 ilihesabu simba 2,589 nchi nzima, kuanzia Mara hadi Tsavo, Laikipia hadi Amboseli. Yaani walio nyuma ya nyaya huko kusini ni mara tatu ya simba wetu wote.

Maisha ya mnyama huyo yamepangwa tangu siku anayozaliwa, na kila hatua ina mtu wa kuilipia. Mtoto huondolewa kwa mama yake akiwa na umri wa siku chache tu. Sababu ni ya kibiashara: jike asiyenyonyesha hurudi kwenye joto mapema, azae tena. Watoto hao hunyonyeshwa kwa chupa na vijana wa kujitolea kutoka Ulaya na Marekani, ambao mara nyingi ndio wanaolipa ili waruhusiwe kufanya kazi hiyo, wakiamini wanalea mayatima watakaorudishwa porini siku moja. Baadaye watalii huja kuwapakata na kupigwa nao picha. Makucha yakishaanza kuwa hatari, watoto hugeuka kuwa simba wa kutembezwa na wageni. Wakikua zaidi ya hapo, madume wenye manyoya mazuri huingia kwenye orodha ya picha na bei, na mteja aliye ng'ambo huchagua mnyama wake kabla hajakata tiketi ya ndege. Kadiri manyoya yalivyo meusi na mengi, ndivyo bei inavyopanda. Majike huzalishwa hadi wachoke. Mwisho kabisa mifupa husafirishwa Asia, ambako imekuwa ikitumika badala ya mifupa ya chui milia katika dawa na mivinyo. Serikali ya Afrika Kusini yenyewe iliweka kiwango cha mifupa ya simba 800 ya kusafirishwa mwaka 2017, ikakipandisha hadi simba 1,500 mwaka 2018. Agosti 2019, Mahakama Kuu mjini Pretoria ikasema viwango hivyo vilikwenda kinyume cha sheria, kwa kuwa hali ya wanyama wenyewe humo vizimbani haikuzingatiwa hata kidogo.

Hapa sisi Wakenya tuna deni dogo la aibu. Hao vijana wanaonyonyesha watoto wa simba kwa chupa wengi wamekulia katika hadithi ya Elsa, jike aliyelelewa na Joy na George Adamson kule kaskazini mwa nchi yetu, akaachiliwa, akawinda mwenyewe na kuzaa porini Meru. Ni kisa cha kweli, na filamu yake ya mwaka 1966 ilipigwa hapahapa Kenya. Lakini Elsa alikuwa mmoja, na waliomrudisha porini walitumia miaka ya maisha yao kwa kazi hiyo. Mashamba ya kusini yamelivaa vazi la hadithi hiyo bila kuifanya kazi yake. Simba aliyezalishwa kizimbani kizazi baada ya kizazi, asiyemwogopa binadamu, hana pori linalomsubiri.

Dunia ilianza kuujua ukweli huu mwaka 1997, televisheni ya Uingereza ilipoonyesha uchunguzi wa kipindi cha The Cook Report. Picha moja ya kipindi hicho haijawatoka watu kichwani. Jike ametengwa na watoto wake kwa ua wa nyaya. Watoto wako upande mmoja, yeye upande wa pili, na anazungukazunguka hapo uani kwa sababu hataki kuwaacha. Anapigwa risasi palepale, watoto wakitazama. Mwindaji hakuhitaji kumfuata nyayo, hakuhitaji kujua upepo unavuma kutoka wapi. Umama wa mnyama ndio uliomshikia shabaha.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbele na kurudi nyuma kama kawaida ya siasa. Mwaka 2007 serikali ya Afrika Kusini ilitoa kanuni kwamba simba wa kufugwa sharti aishi huru miezi 24 kabla ya kuwindwa. Wafugaji wakaenda mahakamani, na mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Rufaa ikawapa ushindi. Hoja zao hazikuwa za kipuuzi. Kama simba hawa hawawezi kurudi porini hata wakipewa miaka miwili, kipindi hicho kinamsaidia nani? Kwa hiyo kila jimbo likaendelea na utaratibu wake, na katika jimbo la North West muda wa kumwachilia mnyama kabla ya kumpiga ulikuwa siku 4. Siku nne, baada ya maisha mazima ya kulishwa.

Mwaka 2015 ulikuja na kelele zaidi. Filamu ya Blood Lions, inayoifichua biashara hii, ilitoka, na mwezi Julai simba aitwaye Cecil akauawa karibu na Hifadhi ya Hwange, Zimbabwe, na daktari wa meno wa Kimarekani. Cecil hakuwa wa kufugwa, lakini hasira za watu hazikubagua. Australia ilikuwa tayari imekataza nyara za simba kuingia nchini mwake mwaka huohuo, na Marekani ikafunga mlango kwa nyara za simba wa kufugwa mwaka 2016. Hata chama cha wawindaji wa kulipwa wa Afrika Kusini, PHASA, kilipiga kura mwaka 2015 kujitenga na uwindaji wa simba wa vizimbani. Mwaka 2017 kikageuka na kuukubali tena, na baadhi ya wanachama wake wakajiondoa kwa hasira. Msomaji aitafakari hiyo: watu wanaoua simba kwa riziki waliona haya kuitwa kundi moja na hawa.

Mei 2021 waziri wa mazingira wa wakati huo, Barbara Creecy, alitangaza kwamba serikali imekubali pendekezo la jopo lake la wataalamu la kukomesha ufugaji wa simba kwa ajili ya kuwindwa, kupapaswa na kuuzwa mifupa. Machi 2024 baraza la mawaziri likaidhinisha sera hiyo. Sera si sheria, na maelfu ya simba hawawezi kuondolewa vizimbani kwa tangazo. Wengi wao watalazimika kuuawa kwa sindano au kutunzwa hadi wafe, na hilo ni gumu kulisema lakini ndiyo bei ya kuzalisha wanyama wasio na mahali pa kwenda.

Sasa turudi Nairobi, kwani kisa hiki kina mizizi mirefu kuliko mashamba ya Afrika Kusini, na baadhi yake imepita hapahapa Eastlands.

Aprili 1909, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu madarakani kama rais wa Marekani, alishuka Mombasa, akapanda reli hadi Kapiti, na kuanza safari ya kuwinda yenye wapagazi zaidi ya 200. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512. Mizigo ya hema, chumvi ya kukaushia ngozi, vitabu na risasi ilibebwa kichwani na watu ambao majina yao hayamo katika picha yoyote ya ushindi. Wapagazi hao walikuwa ni Waswahili wa pwani, Wanyamwezi, Wakikuyu, Wakamba na wengine. Miaka mitano baadaye Vita vya Kwanza vya Dunia vilipolipuka, wapagazi waliandikishwa kwa maelfu kubeba mizigo ya jeshi la Uingereza hadi Tanganyika, na makumi ya maelfu hawakurudi. Kambi yao, ya Carrier Corps, ndiyo iliyoiachia Kariokor jina lake. Ziwani imepakana na Kariokor, ukitembea polepole unafika hata chai haijapoa.

Lakini kilichonivutia katika kisa cha Roosevelt hakikutokea Kenya hata kidogo. Kule Chicago, mtengeneza filamu mmoja, William Selig, alitaka picha za rais akimwua simba. Hakupata ruhusa ya kuandamana na msafara. Basi akanunua simba mzee, akajenga pori la uongo ndani ya studio, akamtafuta mwigizaji mwenye masharubu na miwani, na kukodi watu weusi wa mjini humo waigize wapagazi wa Kiafrika. Simba akafunguliwa, kamera ikazungushwa, na mnyama akapigwa risasi kwelikweli, akafa kwelikweli. Filamu ikaitwa Hunting Big Game in Africa, ikaonyeshwa mwaka huohuo wa 1909 wakati Roosevelt angali huku akiwinda, na watazamaji wakajaa kumbini wakidhani, au wakikubali kudhani, kwamba wanaitazama Afrika. Mwaka uliofuata ikaja filamu ya mpigapicha Mwingereza Cherry Kearton, aliyekuwa amekutana na Roosevelt hapa Kenya na kumpiga picha halisi. Haikupendwa kama ile ya uongo. Haikuwa na kifo cha simba.

Nikisoma habari hiyo najiuliza nani hasa alimwua yule simba wa Chicago. Selig alitoa pesa, mwigizaji alisimama mbele ya kamera, lakini waliosababisha ni wale waliokuwa tayari kununua tiketi. Wapagazi wa kweli walikuwa Kapiti wakibeba chumvi, na wale wa kukodiwa walikuwa Chicago wakiigiza, na wote kazi yao ilikuwa ileile: kuipamba picha ya mtu mwingine.

Mwaka 1910 Mmarekani mwingine, aliyejulikana kama Buffalo Jones, alikuja na wachunga ng'ombe wake kuwakamata wanyama wa Kenya kwa kamba, mbele ya kamera ya Kearton huyohuyo. Walimfunga kifaru, twiga, hata jike wa simba, farasi wakivuta upande huu na huu. Hawakuua, na kwa zama zile hilo lilihesabiwa kuwa ungwana.

Nimetaja haya kwa sababu wapo wanaodhani ukatili wa vizimbani ni tawi la uwindaji lililoharibika baadaye. Mimi naona ulikuwepo tangu mwanzo, umesimama ubavuni mwake, ukimsubiri mteja asiye na muda wala ujuzi wa kumtafuta mnyama porini. Roma ya kale iliujua vizuri, ikasafirisha simba wa Afrika Kaskazini kwenda kuuawa viwanjani. Uingereza iliujua vilevile: dubu walifungwa kwenye nguzo na kuachiliwa mbwa, umati ukishangilia, hadi Bunge lilipopiga marufuku mwaka 1835. Kote huko mnyama kwanza hunyimwa njia ya kutoka, ndipo huitwa mpinzani.

Njia ya kutoka ndiyo kipimo changu, na najua kitawakera baadhi ya wasomaji wa magharibi mwa Kenya.

Ziwani, Kaloleni na Makongeni zimejaa watu wa Kakamega, na ukitaka ugomvi wa haraka sema neno baya juu ya fahali wa Ikolomani au Shinyalu. Mchezo wa fahali unawavutia maelfu, wanasiasa hawakosekani, ngoma ya isukuti inalia tangu alfajiri. Fahali si mnyamapori, na ni kweli mchezo wenyewe una kanuni moja ya heshima: fahali akigeuza mkia na kukimbia, basi ameshindwa na yamekwisha. Hakuna anayemfuata kumkata koo. Kule Pemba mchezo wa ng'ombe nao hauishii kwenye kifo cha mnyama. Lakini kuna fahali wanaotoboana macho na matumbo, na Januari 2024 fahali wa Seneta Boni Khalwale alimwua mtunzaji wake, na seneta akamwua fahali huyo kwa mkuki kama mila inavyotaka. Kama mila imejua kwamba damu ya mtu ina uzito, haitashindwa kujua kwamba maumivu ya fahali nayo ni maumivu. Siutaki mchezo huo. Ila siuweki kikapu kimoja na mauaji ya simba kizimbani, kwa sababu fahali ana mkia wa kugeuza na uwanja ulio wazi nyuma yake.

Wamaasai nao wana la kutufundisha, na wamelitenda badala ya kulihubiri. Kumwua simba kwa mkuki kulikuwa njia ya moran kujipatia jina. Kulikuwa na hatari ya kweli ndani yake. Simba wa porini angeweza kukuua, na mara kadhaa aliua. Simba walipoanza kupungua, wazee wa eneo la Amboseli walikaa na watunza wanyamapori, na mwaka 2012 yakaanza Mashindano ya Olimpiki ya Wamaasai huko Kimana: kurusha rungu, kurusha mkuki, mbio, kuruka juu. David Rudisha, bingwa wa dunia wa mita 800 wakati huo, ndiye aliyekuwa mlezi wake. Moran anarudi nyumbani na medali na wasichana wanaimba jina lake vilevile. Hakuna aliyefungwa jela ili hilo liwezekane.

Serikali yetu ilichukua njia nyingine. Mei 1977, katika mwaka wake wa mwisho mzima madarakani, Mzee Jomo Kenyatta alipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori, na mwaka 1978 ikafuata marufuku ya biashara ya ngozi, pembe na mapambo yanayotokana na wanyama hao. Kampuni za safari za kuwinda zilifunga milango au kugeuza magari yao kuwa ya watalii wenye kamera. Sitaki kumdanganya msomaji kwamba marufuku hiyo ilikuwa dawa ya kila kitu. Ndovu wa Kenya walikadiriwa kuwa 167,000 mwaka 1973, na kufikia 1989 walikuwa wamebaki kama 16,000, kwa sababu majangili hawakuwahi kuomba leseni. Ilibidi Rais Moi achome tani 12 za pembe mwaka huo ndipo dunia ikageuza shingo. Lakini marufuku ilifanya jambo ambalo halionekani katika hesabu za ndovu: ilizuia tabaka zima la wafanyabiashara lisizaliwe. Afrika Kusini leo inahangaika na mashamba zaidi ya 300 yenye mikopo, wafanyakazi na mawakili. Kenya haina hata moja la kufunga.

Mlango huo ulikaribia kufunguliwa. Mwaka 2004 Bunge lilipitisha mswada wa mbunge G.G. Kariuki ambao ungerudisha uwindaji, na Rais Mwai Kibaki akakataa kuutia saini. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 ikapigilia msumari: uwindaji wa michezo ni kosa la jinai. Wenzetu wa Tanzania wamechagua vingine, wakifunga uwindaji mwaka 1973 na kuufungua tena 1978, na wana hoja zao kuhusu mapato ya mapori yasiyovutia watalii. Nina shaka na hoja hizo, hasa ninapokumbuka ndovu wa Amboseli waliovuka mpaka na kupigwa upande wa pili, lakini ni hoja kuhusu mnyama aliye huru katika pori lake. Kwa simba aliyezalishwa kwenye banda, hoja hiyo haipo. Pori lake ni ekari kadhaa za kukodi.

Basi tujipongeze? Bado. Sheria yetu ina tundu, na tundu hilo liko karibu na Ziwani kuliko Afrika Kusini.

Nimewahi kuona vijana kando ya Mto Nairobi wakiwa na mwewe aliyevunjika bawa. Mwewe ni wengi upande ule, wanafuata nyama za soko la Burma na taka za mto. Huyu alikuwa amefungwa kamba ya kiatu mguuni, na kila mara alipojaribu kuruka alivutwa chini, na mbwa wawili wakaachiliwa juu yake huku watu wakicheka na mmoja akirekodi. Mwewe alilala chali akajikinga kwa makucha, kama wafanyavyo ndege wa aina yake, na hilo ndilo lililochekesha zaidi. Mama aliyekuwa akipita na ndoo ya maji aliwafokea, "Nyinyi hamna kwenu?" Wakamwacha apite. Hakuna aliyekuwa akifahamu kwamba wanavunja sheria.

Wanaivunja kweli. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, iliyorithiwa mwishoni mwa ukoloni, inakataza kuwapiganisha wanyama na kuwachokoza kwa burudani, na mnyama kwa mujibu wake ni kila kiumbe asiyekuwa binadamu, mwenye uti wa mgongo na asiye nao. Ni maelezo mapana kuliko ya nchi nyingi. Tatizo ni adhabu iliyoandikwa humo: faini isiyozidi shilingi 3,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Ilipoandikwa, shilingi 3,000 zilikuwa mshahara wa miezi mingi. Leo hazinunui mbuzi katika soko la Kiamaiko. Sheria ya wanyamapori, kwa upande wake, ilipopitishwa mwaka 2013 ilitaja faini ya shilingi milioni 20 au kifungo cha maisha kwa makosa mazito yanayohusu wanyama walio hatarini kutoweka. Kati ya kiwango hicho na kile cha shilingi 3,000 kuna bonde, na katika bonde hilo ndimo wanamoangukia mwewe, nyani wa kufungwa mnyororo, mbwa wa kupiganishwa na fahali waliotobolewa macho.

Nchi inayojivunia kwamba haiwindi kwa michezo inapaswa kuona aibu kwamba kumtesa mnyama aliye mikononi mwako, asiye na pa kwenda, ndilo kosa lenye bei rahisi kuliko yote.

Na kuna upande wa macho yetu. Filamu ya Selig ilihitaji studio, tiketi na ukumbi. Ile video ya Ziwani ilihitaji bando la siku moja. Kila anayeisambaza, hata kwa nia ya kulaani, anampa mpiga risasi kile alichokitafuta zaidi ya ngozi. Simlaumu kijana wa bodaboda, alikuwa amestaajabu tu kama sisi sote. Lakini mara nyingine video ya aina hiyo ikikujia, hapo kwenye kikundi cha mtaa au cha kanisa, ifute. Ikiwa imerekodiwa hapa nchini, usiisambaze, ipeleke kwa Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) au kwa polisi, kwani ni ushahidi.

Wakenya wengi siku hizi wanakwenda Johannesburg kwa kazi, harusi na mikutano, na huko wataalikwa kwa bei nafuu kumpakata mtoto wa simba na kupigwa picha. Akatae anayeweza kukataa, na kabla hajaondoka amwulize mwenye shamba mama wa mtoto huyo yuko wapi na baba yake aliuzwa kwa nani.

Kwa wale wanaotuwakilisha, ombi ni fupi. Ziwani ni sehemu ya wadi ya Ziwani/Kariokor, eneobunge la Starehe. Mbunge wake, kama wenzake wa Kamukunji, Makadara na Ikolomani, anaweza kuwasilisha mswada wa kurekebisha Sura ya 360, na marekebisho yenyewe hayahitaji zaidi ya ukurasa mmoja: faini ipande iendane na kosa, na anayeandaa mapigano ya wanyama, anayekodisha uwanja na anayekusanya kamari wote wahesabiwe kuwa wakosaji. Wapiga kura wa Eastlands wamezoea kuwauliza wagombea kuhusu maji, taka na mabomba ya maji machafu. Waongeze na hili kwenye orodha.